Farasi wa Watu Watatu: Jipya au Lililotumika?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Swali lililozaa makala hii liliulizwa katika darsa ya Alhamisi, kati ya Magharibi na Isha, na aliyeuliza si mwanafunzi. Ni kaka yetu aliyehitimu uhandisi miaka michache iliyopita. Sasa anafanya kazi Kampala, na kila akija Mbale hupita msikitini kwetu. Amejiwekea akiba. Pesa yake ni ya halali, haina riba ndani yake, na zaka yake ameitoa. Anataka kununua gari, na gari lenyewe si la kubebea mkaa. Ni Toyota GR86, gari dogo la spoti la milango miwili ambalo Toyota na Subaru walilibuni pamoja. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2012, na hili la pili lilianza kuuzwa 2021 likiwa na injini ya lita 2.4. Hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Amepata mawili ya kuchagua. La kwanza ni jipya kabisa, la sifuri kilomita. La pili ni la miaka mitatu, limetembea kilomita 20,000 huko Japani, na ukiangalia picha huoni hata mkwaruzo. Akatuuliza: "Nyinyi mnaosoma dini, nielezeni. Lipi liko karibu zaidi na radhi za Mwenyezi Mungu, jipya au lililotumika?"

Nilikuwa wa kwanza kujibu. Nilisema, "Lililotumika, kaka. Jipya ni israfu, lililotumika ni zuhudi." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, nami nikaona nimesoma kweli. Ndipo dada mmoja akauliza kutoka upande wa akina dada: "Na ile pesa itakayobaki, kaka, itakwenda wapi?"

Kaka akacheka, akasema ukweli wake: itanunua rimu mpya, bomba la moshi lenye mngurumo mzito, na viti vya ngozi. Darsa nzima ikacheka, na adhana ya Isha ikatukatiza.

Nilicheka pia, lakini nilipokuwa kwenye safu nilijua nimekosea. Kaka aliuliza kuhusu radhi za Mwenyezi Mungu, nami nikamjibu kuhusu bei. Tangu siku ile nimekuwa nikilirudia swali lile, na haya ndiyo niliyofikia.

Hoja ya mfuko

Nianze na upande ambao sikukosea. Gari jipya hupoteza thamani kwa kasi zaidi katika mwaka wake wa kwanza kuliko mwaka mwingine wowote. Siku unapolitoa kwa muuzaji limekwisha kuwa gari lililotumika, hata kama viti bado vina nailoni. Anayenunua baada ya miaka mitatu anamwachia mnunuzi wa kwanza hasara hiyo aibebe yeye.

Kisha upo ushuru. Gari la kuagizwa linapoingia Uganda hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya thamani na ushuru huo. Piga hesabu mwenyewe. Kila shilingi 100 za tofauti ya thamani kule zinakotoka zinakuwa zaidi ya 147 zikifika hapa, na tozo nyingine bado hazijaingia. Kwa hiyo pengo kati ya jipya na lililotumika, ambalo kule Japani ni bonde, likifika kwetu limekuwa korongo. Mwenye akili ya biashara atachukua lililotumika, na hatuna sababu ya kumlaumu. Mwenyezi Mungu amewasifu katika Surat al-Furqan, aya ya 67, waja wake ambao wakitoa mali hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali wanashika njia ya katikati.

Lakini hesabu ni kitu kimoja, na zuhudi ni kitu kingine. Tazama barabara zetu. Magari mengi mno tunayopanda yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani. Mtu akikwambia amenunua gari jipya, mara nyingi maana yake ni kwamba limetoka bondi wiki iliyopita. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini haikutugeuza kuwa watu wa magari mapya. Basi anayenunua gari lililotumika hapa kwetu hajajinyima kitu. Amefanya walivyofanya majirani zake wote. Utamwitaje zahidi mtu aliyefuata ada ya soko?

Ibn Taymiyya ameieleza zuhudi kuwa ni kuacha kile kisichokuwa na manufaa Akhera. Kaka yetu hajaacha chochote. Gari ni lile lile, umbo ni lile lile, na mngurumo anaoutamani ni ule ule. Kilichopungua ni bei tu. Hamu ya mtu haiwi ibada kwa sababu imepatikana kwa punguzo.

Hoja ya kasoro

Na jipya nalo tulitendee haki. Nililiita israfu bila kumuuliza kaka kwa nini analifikiria. Baadaye alinieleza, na sababu yake ya kwanza haikuwa fahari. Ilikuwa hofu ya kudanganywa.

Hofu hiyo ina msingi. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Gari lililopata ajali linaweza kunyooshwa, kupigwa rangi na kung'arishwa mpaka picha isionyeshe kitu. Kule Japani magari yanayopita kwenye minada hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama, na herufi R hutumika kwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo anaweza kuwa nayo muuzaji, na asikuonyeshe. Gari la spoti lina hatari zaidi, kwa kuwa wengi hulinunua walikimbize. Kilomita 20,000 za mtu anayekwenda kazini si sawa na kilomita 20,000 za mtu anayeshindana na wenzake usiku.

Sisi tunaosoma fiqhi ya biashara tunalijua jambo hili kwa majina yake: gharar, tadlis, khiyar al-ayb. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, akakuta unyevu. Muuzaji akasema mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akabainisha kwamba anayedanganya hayuko pamoja naye. Mita iliyorudishwa nyuma ni nafaka iliyolowa na kufunikwa kwa nafaka kavu.

Kwa hiyo anayelipa zaidi ili akwepe shaka si lazima awe mfujaji. Pengine ananunua utulivu wa moyo, na utulivu una thamani. Na anayenunua lililotumika naye anajitwisha amana. Siku atakapoliuza, kila kasoro aliyoijua ni juu yake kuitaja, hata kama yeye mwenyewe hakutajiwa.

Nilipofika hapa niliona mizani imesimama katikati. Lililotumika lina hoja ya mfuko, jipya lina hoja ya usalama, na hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayojibu swali la kaka. Ndipo nilipokumbuka hadithi ya farasi.

Farasi watatu

Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na imepokewa na Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba farasi ni wa watu wa aina tatu. Kwa mmoja ni ujira, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Wa kwanza amemfunga farasi wake kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu, na anaandikiwa mema hata kwa majani anayokula na maji anayokunywa. Wa pili amemfuga ili ajitosheleze, asiwe mtu wa kuomba watu, na hakusahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyomo shingoni na mgongoni mwa farasi huyo. Wa tatu amemfuga kwa fahari, kwa riyaa, na kwa uadui dhidi ya Waislamu.

Ndugu msomaji, angalia ni nini hakikuulizwa katika hadithi hii. Hakikuulizwa umri wa farasi. Haikuulizwa bei yake, wala kama alikuwa na bwana mwingine kabla. Farasi anaweza kuwa mmoja, akapita mikononi mwa watu hao watatu, akawa ujira hapa, sitara pale, na moto kule. Yeye habadiliki. Kinachobadilika ni sababu ya kumfunga na haki inayotoka kwake.

Atasema mtu: hiyo ni hadithi ya farasi, na gari halikutajwa. Ni kweli. Lakini mwisho wa hadithi hiyo hiyo Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu punda. Akajibu kwamba hakuteremshiwa juu yao ila aya moja ya pekee inayokusanya yote, nayo ni ile ya Surat az-Zalzala isemayo kuhusu mwenye kutenda jema au ovu la uzito wa chembe, kwamba ataliona. Kama punda waliingia katika aya hiyo, GR86 haina mlango wa kutokea.

Haki ya shingo na haki ya mgongo

Mtu wa pili ndiye anayetuhusu zaidi, kwa kuwa wengi wetu hatununui gari kwa jihadi wala kwa uadui. Tunataka kujitosheleza. Basi haki ya shingo na mgongo ni ipi?

Wanachuoni wametofautiana. Abu Hanifa aliona kwamba kuna zaka katika farasi wa malisho. Jamhuri ya wanachuoni wakaona hakuna zaka ya faradhi juu ya farasi wa mtu, wakitegemea hadithi inayomwondolea Mwislamu sadaka juu ya farasi wake, nao wakaifasiri haki hiyo kuwa ni kumtunza mnyama vizuri na kumtumia kuwasaidia wenye haja. Kwa gari la kutumia mwenyewe, rai ya jamhuri ndiyo tunayoifuata: halina zaka.

Lakini fikiria maana yake. Akiba ya kaka ilipokuwa benki, ikiwa imefikia nisabu na kupitiwa na mwaka, ilikuwa ikitoa asilimia 2.5 kila mwaka kwa maskini na wenzake katika watu wanane wa zaka. Siku itakapogeuka kuwa gari, fungu hilo linakoma. Hilo ni ruhusa ya sheria wala si dhambi. Hata hivyo mnunuzi ajue alichokifanya: ameihamisha mali kutoka mahali ambapo maskini walikuwa na haki ya wazi ndani yake, akaipeleka mahali ambapo haki yao inategemea ukarimu wake. Kadiri gari linavyokuwa ghali, ndivyo alivyohamisha kingi zaidi.

Mgongo nao una hadithi yake. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba walikuwa safarini, akaja mtu juu ya kipando chake, akigeuza macho kulia na kushoto. Mtume (S.A.W.) akaagiza kwamba mwenye kipando cha ziada ampe asiye nacho, na mwenye chakula cha ziada ampe asiye nacho. Akaendelea kutaja aina za mali mpaka maswahaba wakadhani hakuna mwenye haki ya kubaki na ziada.

Sasa lifikirie gari letu. GR86 ina viti viwili vya mbele, na nyuma vipo viwili vingine ambavyo mtu mzima haenei. Kutoka ardhini mpaka tumbo lake ni kama sentimita 13. Kila tuta la Mbale ni mtihani, na barabara ya kijijini wakati wa mvua ndiyo kabisa. Usiku mke wa jirani akishikwa na uchungu, utamlaza wapi? Jamaa wa mbali wakifiwa, utawabeba wangapi kwenda maziko? Mama yako mwenye magoti mabovu atainamaje mpaka afike kwenye kiti kile?

Sisemi sheria inamlazimisha kila Mwislamu kununua Noah. Mwenye gari la watu wawili anaweza kumlipia jirani teksi, na haki ya mgongo ikawa imetoka. Ninachosema ni kwamba hilo ni swali la kweli, na lilitakiwa kuulizwa kabla ya lile la jipya au lililotumika. Gari la miaka mitatu lina mgongo mfupi sawasawa na lile jipya.

Kuna pia haki ya walio nje ya gari. Barabara ya mwendo kasi ya Kampala hadi Entebbe, iliyofunguliwa 2018, ndiyo iliyo bora kuliko zote tulizonazo, na kikomo chake ni kilomita 100 kwa saa. Kwingineko tunagawana lami na bodaboda aliyebeba mama na watoto wawili, na ng'ombe, na mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu. Nusu ya uwezo wa injini ile haina mahali halali pa kutumika nchini humu. Mwenye kuinunua aamue mapema kwamba nusu hiyo italala. Asipoamua, siku moja ataiamsha mbele ya mtoto wa mtu.

Je, hii si husuda?

Hapa yapo maneno ambayo lazima niyaseme juu ya nafsi yangu. Mimi sina gari. Nikienda Kampala napanda basi, na dirishani nayahesabu magari ya wenzangu. Ni rahisi sana kwa mtu kama mimi kukaa msikitini na kumhubiria zuhudi mwenye akiba. Usiku ule wa darsa, baada ya kumwambia kaka kwamba jipya ni israfu, nilikaa chumbani nikitazama picha za gari lile mpaka saa sita na nusu. Sungura wa hadithi zetu alisema "sizitaki mbichi hizi" baada ya kuruka na kushindwa. Mimi sijaruka hata mara moja, na nimekwisha kusema ni mbichi.

Kwa hiyo tusiharamishe alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Katika Surat al-A'raf, aya ya 32, anauliza ni nani aliyeharamisha pambo ambalo Yeye amewatolea waja wake. Katika Surat an-Nahl, aya ya 8, anatutajia kwamba ameumba farasi, nyumbu na punda tuwapande, na pia wawe pambo. Uzuri wa kipando umetajwa ndani ya Qur'ani miongoni mwa neema. Na Mtume (S.A.W.) alipoonya juu ya kibri, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Kipimo basi ni dharau. Nacho hakiishii kwenye gari jipya. Mwenye jipya anaweza kuwadharau wenye magari yaliyochoka. Lakini mwenye lililotumika naye ana kibri chake, kibri cha ujanja: yeye ndiye aliyejua kununua, wengine wote wameibiwa. Nimemsikia mtu akieleza alivyolipata gari lake kwa bei rahisi kwa muda mrefu kuliko mwenye gari jipya anavyoeleza gari lake. Na yupo mwenye kutembea kwa miguu ambaye anawadharau wote wawili. Huyo ndiye niliyekuwa mimi katika darsa ile.

Ile pesa itakayobaki

Narudi kwa swali la dada, kwa sababu naona ndilo lililokuwa na fiqhi kuliko jibu langu. Pesa itakayobaki itakwenda wapi?

Tunasema anayenunua lililotumika ameokoa. Ameokoa nini, kama kilichookolewa hakina pa kwenda isipokuwa kwenye gari lile lile? Ukiongeza rimu, na bomba la moshi, na viti vya ngozi, umelinunua gari jipya kwa vipande. Tena umelinunua huku ukijiita mtu wa kiasi, na hilo mwenye gari jipya hakulifanya. Fadhila yote ya kununua lililotumika imo katika ile tofauti ya bei. Tofauti ikifika kwa mtu, fadhila ipo. Ikirudi kwenye gari, haipo.

Na kwa wengi wetu mtu huyo hatuhitaji kumtafuta mbali. Tuko chuoni kwa sababu kuna aliyejinyima: mjomba aliyeuza ng'ombe, mama anayeuza chapati alfajiri, kaka mkubwa aliyeacha shule ili sisi tusome. Watu hao hawakutuuliza kama ada ya chuo ni bora iwe mpya au iliyotumika. Walitoa. Nyuma yetu wapo wadogo zetu wanaongoja zamu yao.

Abu Talha (R.A.) alikuwa na shamba lake la Bayruha mbele ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.), na ndilo lililokuwa mali aliyoipenda kuliko zote. Ilipoteremka aya ya 92 ya Surat Aal Imran, inayobainisha kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akalitoa. Mtume (S.A.W.) akaona vizuri aligawe kwa jamaa zake, naye akafanya hivyo. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim.

Tujilinganishe naye. Tunapojinunulia kitu tunauliza: kipya au kilichotumika? Tunapotoa hatuulizi. Tunatoa kilichotumika. Kanzu iliyopauka ndiyo ya sadaka, simu iliyopasuka kioo ndiyo ya mdogo wako, viatu vilivyoisha kisigino ndivyo vya kijijini. Na Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Surat al-Baqara, aya ya 267, tusikusudie kibaya tukakitoa, hali ya kuwa sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kama lazima liwepo jipya na lililotumika katika maisha yetu, kwa nini lililotumika lisiwe letu mara moja moja, na jipya likawa la tunayempa?

Jibu langu

Kaka, kama unasoma haya, nakuomba radhi kwa haraka yangu, na hili ndilo jibu ninaloweza kulisimamia.

Kwanza, haki zilizotangulia. Kama una deni, au mtu anayekutegemea ambaye hajatoshelezwa, gari hilo lingoje, liwe jipya au lililotumika. Usikope kwa riba kwa ajili yake, kwa sababu sitara ya mtu wa pili ni kutohitaji, na mkopo wa riba ni kinyume chake. Uganda ilibadilisha sheria ya mabenki mwaka 2016 kuruhusu huduma za benki za Kiislamu, na leseni ya kwanza ikatolewa 2023, kwa hiyo mlango wa murabaha upo. Lakini mkataba wa halali haufuti israfu ya kinachonunuliwa.

Pili, mgongo. Amua sasa ni nani atakayebebwa, na kama gari haliwezi, pesa yako itambebaje.

Tatu, ukishamaliza hayo, nunua lililotumika. Likaguliwe na fundi unayemwamini, na uione karatasi yake ya mnada. Na ile tofauti ya bei ipe jina la mtu, uilipe kabla hujalipia gari. Ukingoja mpaka gari lifike, rimu zitaomba kwanza, nazo huwa zina sauti kubwa kuliko mdogo wako.

Na kama umetimiza yote hayo, ukabaki na uwezo, na moyo wako haumdharau mtu, kisha ukachagua jipya, mimi sina aya wala hadithi ya kukuzuia. Nitakuombea baraka, na nitakuomba unipe lifti.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu hatutalinunua gari lile. Lakini tazama mfukoni mwako. Simu hiyo uliinunua mpya au iliyotumika? Kama iliyotumika, tofauti ilikwenda wapi? Farasi wa kila mtu ana shingo na mgongo.

Kaka yetu bado hajanunua. Anasema anasubiri bei ishuke. Dada naye bado anasubiri jibu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aitakase mali yetu na nia zetu, na aturuzuku vipando vitakavyokuwa sitara kwetu wala si mzigo. Amin. Wallahu a'lam.